Jina la Mfinyanzi

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa parokia za Kibondo na Kasulu



Ndugu wapendwa viongozi wa Halmashauri za Walei, makatekista, wawakilishi wa WAWATA na VIWAWA, nanyi nyote mnaoongoza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Tunapozungumza habari za haki na amani, mawazo yetu huelekea upesi kwenye mambo makubwa: migogoro ya ardhi, hali ya wakimbizi, uchaguzi, rushwa. Mambo hayo ni mazito na hatutaacha kuyazungumza. Lakini leo nawaomba tuangalie kitu ambacho wengi wetu tumekiacha jikoni au nyuma ya nyumba, yaani chungu. Na pamoja nacho tuwaangalie vijana wa aina mbili: yule anayeanza kazi ya ufinyanzi, na yule anayejifunza kazi ya kutunza vitu vya kale katika makumbusho. Vijana hawa wawili hawafahamiani, lakini wanapungukiwa na jambo lile lile.

1. Kazi ambayo wenyewe hawatajwi

Katika nyanda hizi za Buha, chungu kimemhudumia mwanadamu katika kila hatua ya maisha yake. Tumechota maji kwa mtungi, tumepika maharage katika chungu, tumehifadhi pombe ya ndizi ya harusi na ya matanga katika mitungi mikubwa. Kule Uvinza, chumvi iliyotafutwa na watu wa mbali na karibu ilipatikana kwa kuchemsha maji ya chumvi katika vyungu. Mwaka 1968 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichapisha habari za uchimbaji wao wa mambo ya kale mahali hapo, na vigae vilivyopatikana vinashuhudia kwamba kazi hiyo ilianza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Basi tujiulize: ni nani aliyefinyanga vyungu hivyo? Jina la Mwami Tereza Ntare, mwanamke aliyetawala Heru wakati wa ukoloni wa Mwingereza, tunalijua na tunaliheshimu. Majina ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, tunayajua, na mahali pale pamejengwa makumbusho. Lakini mfinyanzi aliyetengeneza mitungi ya maji ya nyumba ya Mwami hatumjui. Hata katika makumbusho makubwa ya dunia, kadi iliyowekwa kando ya chungu cha Kiafrika mara nyingi hutaja kabila na mahali, pengine humtaja mgeni aliyekinunua, aliyekifinyanga hatajwi.

Mtu aweza kusema kwamba kutaka kutajwa jina ni majivuno tu. Sivyo, ndugu zangu. Mfinyanzi asiyejulikana kwa jina hana mteja wa kumrudia. Hana cheti cha kumwonyesha mwajiri wala ushahidi wa kupeleka anapoomba mkopo. Bei yake hupangwa na yule anayepita na baiskeli kuvikusanya vyungu vyake. Kwa maskini, jina ni sehemu ya chakula chake.

2. Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu hayakumdharau mfinyanzi. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu mwenyewe anamuumba mtu kwa mavumbi ya ardhi. Nabii Yeremia anatumwa aende katika nyumba ya mfinyanzi ili alipate huko neno la Bwana (Yer 18). Lakini nawaomba mkasome hasa Yoshua bin Sira, sura ya 38. Hapo mwenye hekima anamweleza mfinyanzi aliyeketi kazini, anayezungusha gurudumu kwa miguu, mwenye wasiwasi juu ya idadi ya vyombo vyake, akikesha kulisafisha tanuri. Kisha anasema kwamba pasipo watu kama hao hakuna mji unaoweza kukaliwa. Na hata hivyo watu hao hawaitwi katika baraza, wala hawapewi kiti cha heshima katika kusanyiko.

Tazameni jinsi maneno hayo ya kale yanavyotuhusu. Katika parokia zetu, ni mfinyanzi gani amewahi kuitwa ili aeleze kazi yake mbele ya watu?

Kanisa nalo limesema. Tangu waraka wa Baba Mtakatifu Leo wa 13 wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, Mama Kanisa hufundisha kwamba ujira wa haki ni deni, si sadaka. Katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifafanua kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Haitokani kwanza na aina ya kazi wala na kitu kilichotengenezwa. Na mwaka 1999 aliwaandikia barua wasanii wote, akiwaita washiriki wa furaha ya Muumba. Binti wa Kibondo aliyeshika udongo anahesabiwa kati yao.

3. Hali ya mfinyanzi kijana

Kijana anayejifunza ufinyanzi kwa mama au bibi yake anapita katika shule iliyo kamili, ingawa haina ubao. Anafundishwa kuutambua udongo unaofaa, kuuchimba, kuubeba, kuutwanga na kuuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Anajifunza kukipandisha chungu pindo juu ya pindo, kukilainisha kwa jiwe, kukikausha kivulini kwa siku kadhaa, kisha kukichoma kwa majani na kuni. Siku ya kuchoma, baadhi hupasuka, na hasara ni yake.

Baada ya miaka ya mafunzo hayo, kijana huyo hana karatasi hata moja. Akiulizwa na ofisi yoyote kuhusu elimu yake, hujibu kwamba aliishia darasa la saba, na mazungumzo huishia hapo. Sufuria na ndoo za plastiki zimelipunguza soko lake. Ndugu yake huenda mjini kuendesha bodaboda, na bibi anabaki peke yake na ujuzi ambao hauna wa kuupokea.

Yako pia mambo ya dharau. Ng'ambo ya mpaka, katika Burundi na Rwanda, ufinyanzi ulihesabiwa kwa vizazi vingi kuwa kazi ya Wabatwa, watu walionunuliwa vyungu lakini wakanyimwa nafasi ya kula pamoja na wengine. Dharau ya namna hiyo huvuka mpaka bila kuulizwa hati. Sisi wa wilaya hizi, tuliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, tuliona kambi ya Nyarugusu ikianzishwa Kasulu mwaka 1996 na kambi ya Nduta ikifunguliwa upya Kibondo mwaka 2015. Hatuna budi kujichunguza. Mfinyanzi mkimbizi anayeuza kwa bei ya kutupa kwa sababu hana pa kulalamika ni jirani yetu, na ni juu yetu kumtendea haki.

4. Hali ya kijana wa makumbusho

Kijana wa pili amesoma. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha elimu ya mambo ya kale, na vijana wetu wachache wameingia katika njia hiyo. Ili amalize masomo, hana budi kufanya mafunzo kwa vitendo. Huosha vigae, huviandika namba, huchora ukingo wa chungu, huandika daftari la vitu, huwaongoza wageni. Kazi hiyo inataka uangalifu mkubwa. Kigae kikiandikwa namba isiyo yake, historia ya mahali pazima hupotoka.

Lakini mara nyingi mwanafunzi wa namna hiyo hujilipia nauli, chumba na chakula. Matokeo yake ni kwamba mafunzo hayo huwafaa zaidi watoto wa wazazi wenye nafasi, au wale wenye shangazi Dar es Salaam. Mtoto wa mkulima wa Kasulu, hata akiwa na akili kuliko wenzake, hulazimika kuiacha njia hiyo. Na anayevumilia hadi mwisho huweza kuona kazi aliyoiandaa ikitoka kwa jina la mkubwa wake peke yake.

Hapo ndipo vijana wawili hawa wanapokutana. Mmoja anaacha alama za vidole vyake katika udongo. Mwenzake anajifunza kuzisoma alama hizo. Mwanafunzi wa makumbusho angeelewa mengi kuhusu vigae vya Uvinza kama angeketi juma moja karibu na mfinyanzi wa Buha. Na mfinyanzi huyo anapotoa elimu yake, yafaa alipwe na atajwe kama mwalimu.

5. Mifano ya kututia moyo

Haya hayashindikani. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza katika miaka ya 1950 kama kibarua wa kuchimba, bila shahada yoyote. Mwaka 1964 aligundua taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron katika nchi yetu, na mwaka 1984 aligundua mifupa ya mvulana wa kale karibu na Ziwa Turkana. Waliomtangulia kazini walimfundisha na kumtaja. Akawa msimamizi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 1985 alipokea medali ya National Geographic Society mikononi mwa Rais wa Marekani.

Ladi Kwali wa Nigeria alijifunza kufinyanga kwa shangazi yake kijijini. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, na kazi zake zikaonyeshwa Ulaya na Marekani kwa jina lake. Tangu mwaka 2007 picha yake imo katika noti ya naira 20. Kituoni hapo alifika katika miaka ya 1970 msichana kutoka Kenya, Magdalene Odundo, akajifunza kwa akina mama hao kufinyanga kwa mikono bila gurudumu. Leo yeye ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimiwa sana duniani. Bila kituo kile, msichana huyo angewapata wapi walimu hao?

Katika Kanisa letu pia ipo mifano. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alishirikiana na Wasukuma kujenga makumbusho ya utamaduni wao katika eneo la parokia, yakafunguliwa mwaka 1968. Jijini Dar es Salaam, mwaka 1972, Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa kwa ajili ya vijana wenye kipaji wasio na mtu wa kuwainua. Jengo lile halipo tena, lakini wasanii waliofundishwa humo waliendelea kuishi kwa kazi ya mikono yao.

6. Tufanye nini?

Napendekeza mambo matano, yasiyohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila kigango kiandike daftari la wafinyanzi wake: jina la mfinyanzi, jina la aliyemfundisha, na majina ya wanaojifunza kwake. Kila mfinyanzi ahimizwe kuweka alama yake chini ya chungu kabla ya kukichoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki ya kutambuliwa katika kazi yake. Lakini haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuidai.

Pili, viongozi wawafikie VETA na kuuliza jinsi kijana aliyejifunza nyumbani anavyoweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa upo, ufinyanzi usisahauliwe.

Tatu, vijana na akina mama wajiunge katika vikundi vilivyosajiliwa. Kwa sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. WAWATA na VIWAWA wasaidie kuandika maombi, hasa ya kutengeneza majiko ya udongo yanayopunguza kuni, kwa maana wote tunajua mahangaiko na hatari wanazokutana nazo wanawake wanapofuata kuni mbali.

Nne, parokia iwe mteja mwenye haki. Tunaponunua mitungi na vyungu vya maua kwa ajili ya kanisa, tuhesabu siku za kazi, tulipe siku ile ile, na tulitangaze jina la mfinyanzi.

Tano, parokia ifikirie mfuko mdogo wa nauli na chakula kwa kijana mmoja kila mwaka anayekwenda mafunzo ya makumbusho. Naye akirudi, aandike pamoja na wazee habari za vyungu vya kijiji chake, na majina ya wote waliofanya kazi hiyo yatiwe humo, hata la yule aliyeosha vigae.

Ndugu wapendwa, bibi wanaojua kazi hii wanazeeka. Mwaka 2012 UNESCO ililazimika kuutia ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, Botswana, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa mafundi walikuwa wamebaki wachache. Tusingoje kufika huko. Mwezi huu, kila jumuiya imtembelee mfinyanzi mmoja na kuliandika jina lake. Mungu, aliyetufinyanga sisi sote, aibariki kazi ya mikono yao. Amina.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, tunawajua kwa majina wafinyanzi wanaoishi kati yetu, wakiwemo wakimbizi? Ni nani anayejifunza kwao?

2. Chungu kimoja huchukua siku ngapi za kazi? Je, bei tunayolipa inalingana na siku hizo?

3. Ni kijana gani wa kigango chetu aliyeacha mafunzo kwa kukosa nauli au chakula, na tungeweza kumsaidiaje?

4. Soma Yoshua bin Sira 38:24-34. Ni akina nani katika parokia yetu ambao kazi zao hutuhudumia, lakini hawaitwi katika baraza?