Bidii Hukamilisha Kipaji



Mara nyingi watu wamwonapo mtu aliyefanikiwa husema, "Huyu alizaliwa hivyo." Neno hili lina ukweli kidogo, lakini lina hatari kubwa, maana humfanya kijana akae kitako akingoja bahati. Yafaa basi kutazama habari za mtu mmoja ambaye sifa zake zimeenea duniani, Bwana Kipchoge Keino wa Nandi, ili ijulikane mafanikio yake yalipatikana kwa njia gani.

Kipchoge Keino alizaliwa mwaka 1940, akafiwa na wazazi angali mtoto, akalelewa na shangazi yake. Baadaye aliingia katika kazi ya polisi, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1962 alipelekwa Perth, Australia, kushindana katika mbio za maili 3. Huko alikuwa mtu wa 11. Mwingine angalirudi nyumbani na kusema kwamba mbio si kazi yake. Yeye alirudi akazidisha mazoezi. Mwaka 1964, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, alikuwa wa 5 katika mbio za mita 5,000. Mwaka 1965 alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 huko Helsingborg, Uswidi, na mwezi wa Novemba akavunja ile ya mita 5,000 huko Auckland, New Zealand. Kutoka nafasi ya 11 mpaka rekodi ya dunia ilipita miaka 3 tu. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni kazi.

Wako waliosema kwamba Wakenya walishinda kwa sababu wamezoea hewa nyepesi ya milimani. Ni kweli kwamba mji wa Mexico, ilikofanywa Olimpiki ya mwaka 1968, uko juu zaidi ya mita 2,200, na hewa yake iliwatesa wengi waliotoka nchi za chini. Lakini Helsingborg na Auckland ni miji ya pwani. Hewa ya mlima yaweza kumsaidia mtu, bali haiwezi kukimbia badala yake.

Huko Mexico Keino alikuwa mgonjwa wa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimwangusha kabla ya kumaliza. Madaktari walimwonya asikimbie tena. Hata hivyo siku chache baadaye alipata nishani ya fedha katika mita 5,000, kisha akasimama katika fainali ya mita 1,500 pamoja na Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia. Mkenya mwenzake, Benjamin Jipcho, aliongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa ili kuwachosha wapinzani. Keino akapokea uongozi, wala hakuuachia. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Ryun nyuma kwa karibu mita 20.

Jipcho alikuwa wa 10 siku ile, wala hakupewa nishani. Lakini mwaka 1972 huko Munich, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Keino alikuwa wa kwanza na Jipcho wa pili. Aliyemsaidia mwenzake naye alifika.

Si kila mtu atakayekimbia Olimpiki, wala si busara kudharau neno la daktari. Lakini kila mtu amepewa kitu: huyu mkono wa useremala, yule akili ya hesabu, mwingine jicho la kujua udongo mzuri. Kipaji ni kama mbegu ghalani: isipopandwa na kupaliliwa, huliwa na wadudu. Wazazi na wawatazame watoto wao wapate kujua walichopewa. Naye kijana atakayekuwa wa 11 mwaka huu asione haya, bali aulize ni kazi gani imebaki, akaifanye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.