Safari za Vijana Wetu na Mafunzo ya Uongozi

(Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Mumias)



Mkutano uliopita ulitupa kazi ya kuchunguza jambo moja, nalo ni hili: je, yafaa chama kitoe fedha kidogo katika mfuko wa elimu ili vijana wetu, wanafunzi pamoja na wale walioanza kazi mashambani, wapelekwe safari za msituni na milimani kujifunza uongozi? Na je, wale wanaotafuta masomo ng'ambo tuwasaidie, au tuwaache kila mtu na baba yake? Tumekwisha kulichunguza, na leo twawaletea tuliyoyaona. Twaomba mtusikilize, hata wale waliokwisha kukata shauri kwamba hapana.

Maneno yanayosemwa chini ya mwembe twayajua. Mzee mmoja alituambia waziwazi: "Watoto wetu wamezaliwa katika mvua. Wameteka maji ya Nzoia, wamebeba kuni, wamekwenda shule bila viatu. Mwataka kuwapeleka msituni wakajifunze nini? Kulala njaa? Hilo wanalijua tayari." Neno hilo lina haki yake, nasi hatukulicheka. Mtu ambaye mshahara wake umechelewa ana haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi.

Lakini yafaa kwanza tujue mafunzo haya yalianzia wapi, maana wengi hudhani ni michezo ya matajiri. Yalianza kwa ajili ya wafanyakazi, na hasa mabaharia. Katika vita vikuu vya pili, manowari za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli za biashara za Waingereza. Yasimuliwa kwamba meli ilipozama na watu wakapanda mashua ndogo, vijana wenye nguvu walikufa upesi kuliko mabaharia wazee. Wazee wale hawakuwa na misuli zaidi. Walikuwa wamezoea taabu, wakajua kugawana maji, kupangiana zamu, na kumshika mkono aliyeanza kukata tamaa. Basi mwenye meli mmoja, Lawrence Holt, alishirikiana na mwalimu Mjerumani, Kurt Hahn, aliyekimbia kwao baada ya serikali ya Hitler kumfunga mwaka 1933. Mwaka 1941 wakafungua huko Aberdovey, Wales, shule ya kuwafundisha vijana baharini na milimani. Ikaitwa Outward Bound. Miaka ya 1950 shule ya namna hiyo ikafunguliwa hapa kwetu Kenya, huko Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro.

Mwaona basi kwamba jambo lenyewe si kulala njaa. Kulala njaa peke yako ni taabu tu. Kugawana unga uliobaki kati ya watu kumi na wanne, wote wakitazama mkono wako, hiyo ni kazi nyingine.

Tuwaeleze sasa safari yetu wenyewe, ile ndogo tuliyoifanya kwa kujaribu. Tulikwenda na vijana kumi na wanne, siku tatu, katika msitu wa Kakamega. Wengi walikuwa wanafunzi wa kidato cha tatu. Wawili walikuwa wakata miwa, maana tulikataa safari iwe ya wanafunzi peke yao. Walichagua kiongozi wao wenyewe. Wakamchagua kijana aliye kiranja shuleni, mwenye Kiingereza kizuri na sauti kubwa. Sisi wa kamati tuliagana kwamba tutanyamaza, isipokuwa mtu akiwa hatarini.

Siku ya pili mvua ikatukuta kati ya Isecheno na kilima cha Lirhanda. Kiranja akatoa amri watu wakaze mwendo wapate kufika juu. Akatangulia. Wenye miguu mirefu wakamfuata, na mstari ukakatika vipande vitatu. Msichana mmoja alikuwa amevaa viatu vya kuazima vilivyombana, akawa anachechemea nyuma kabisa, wala hakusema neno. Aliyemwona ni mmoja wa wale wakata miwa. Akaketi pamoja naye juu ya gogo, akakataa kuondoka. Kiranja alipofika kileleni na kuwahesabu watu wake, akawakuta tisa.

Hatutaficha kwamba alirudi na hasira. Akapiga kelele kama wanavyopigiwa kelele shuleni, wala hakuna aliyejali. Shuleni nyuma ya kiranja yuko mwalimu, na nyuma ya mwalimu iko fimbo, au barua ya kumwita mzazi. Pale msituni nyuma yake palikuwa na miti tu. Jioni ile, nguo zikikauka juu ya moto, walifanya mkutano wao. Ulikuwa na ajenda, na mtu wa kuandika. Hata sisi tulistaajabu. Hawakumwondoa kiranja. Walimwongezea mtu wa kutembea nyuma, na wakakata shauri kwamba mwendo utawekwa na huyo wa nyuma. Kesho yake alfajiri walipanda Lirhanda wote kumi na wanne pamoja, na yule msichana alikuwa amefungwa vitambaa miguuni, amevaa makubazi ya mpishi.

Wazee wa hapa Mumias hawatashangazwa na shauri lile. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, misafara ya kutoka pwani kwenda Uganda ilipumzika hapa hapa, kwa Nabongo Mumia. Katika msafara kirangozi alitangulia mbele kuonyesha njia. Nyuma walitembea wanyampara, kazi yao kuwakusanya waliochoka na kuangalia mizigo isipotee. Neno nyapara twalijua sana mashambani, lakini wengi wetu tumesahau kwamba lilikuwa jina la mtu anayehakikisha hakuna aliyeachwa.

Sasa tuje kwa masomo ya ng'ambo, nayo ndiyo yenye fedha nyingi na hatari nyingi.

Kila mfanyakazi wa nchi hii amesikia jina la Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Thika, baba yake akiwa msimamizi wa wafanyakazi humo. Alisoma Yala, si mbali na hapa, kisha Mangu, akaacha shule kwa kuwa karo ilikosekana. Akajifunza ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, akaingia katika mambo ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye alikuwa kati ya waliosaidia kutafuta mapatano. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kusoma Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi. Alikaa mwaka mmoja tu, akarudi mwaka 1956. Na mwaka 1957 alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Twataka mwangalie mpango wa mambo hayo. Hakwenda Oxford ili awe kiongozi. Alikwenda akiwa amekwisha kukaa meza moja na waajiri, akajua ni wapi alipokwama, na akaenda na maswali yake mkononi. Kijana anayekwenda bila swali hurudi na koti.

Tena hakusahau mlango ulipo. Mwaka 1959 Mboya na marafiki zake wa Marekani walianzisha safari za ndege za wanafunzi. Huko wacheza sinema na wanamichezo mashuhuri, Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson, walitia sahihi zao katika barua ya kuomba michango. Huku nyumbani vijiji vikachanga. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 fedha zilipopungua, jamaa ya Kennedy wakatoa dola 100,000 kutoka katika mfuko wao. Mpaka mwaka 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwenda. Katika hao wa mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyesoma elimu ya viumbe huko Atchison, Kansas, akarudi mwaka 1966. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti pamoja na akina mama, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wako waliokwenda wasirudi, nao hatuwalaumu wote. Lakini twasema kwamba mtu aliyechangiwa kuku na mahindi na kijiji kizima hupata taabu kidogo kusahau njia ya kwao.

Hatari nayo tuiseme. Jirani zetu wa Kaunti ya Uasin Gishu walikuwa na mpango wa kuwapeleka wanafunzi Finland na Canada. Mwaka 2023 wazazi walijaa barabarani Eldoret wakilia kwamba wamelipa mamia ya maelfu ya shilingi, wengine wakiuza mashamba, na watoto wao ama hawakuondoka ama wamefika huko na karo haikulipwa. Kesi ikapelekwa mahakamani. Nani ana hatia ni kazi ya hakimu, si yetu. Linalotuhusu ni kwamba wazazi wengi walilipa kwanza, wakauliza baadaye. Hata hapa Mumias wako maajenti wanaozunguka na picha za theluji.

Kwa hiyo kamati yasema hivi. Chama kisimlipie mtu yeyote nauli ya ndege. Hatuna fedha hiyo, na atakayesema tunayo anawadanganya. Lakini tuwe na mtu mmoja wa kusoma barua za vyuo kabla mzazi hajatoa hata shilingi, na kuuliza chuo chenyewe, si ajenti. Na fedha kidogo tuliyo nayo iende kwenye safari za hapa nchini. Tuzo ya Rais, iliyoanza Kenya mwaka 1966, yawapokea vijana wa miaka 14 mpaka 24, nayo ina ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kijana hufanya huduma kwa jamii, hujifunza ufundi, hufanya mazoezi ya mwili, na huenda safari. Tuwahimize walimu wa shule zetu waijaribu, na tuwaombe wawachukue pia vijana wa mashambani.

Wanaokwenda wachaguliwe na vijana wenzao kwa kura. Tumesikia mnong'ono kwamba nafasi zitakuwa za watoto wa wana kamati, basi twasema mbele yenu: safari ya kwanza hakuna mtoto wa mwana kamati atakayekwenda. Kila atakayerudi asimame hapa, katika mkutano kama huu, aseme aliyoyaona kwa Kiswahili au kwa Kiwanga, na aulizwe maswali. Mweka hazina aonyeshe risiti siku hiyo hiyo.

Tuseme na la mwisho, ambalo si tamu. Kiwanda kilianza kutoa sukari mwaka 1973. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikikidai iliweka msimamizi wake. Miaka mingi kabla ya siku ile hesabu za kampuni zilikuwa zikichapishwa kila mwaka, hasara imeandikwa humo, mtu yeyote aweza kuzisoma. Sisi tuliosimama hapa hatukuzisoma. Tulikaa mikutanoni tukisubiri mwenye sauti kubwa atangulie, nasi tukamfuata. Wachache waliouliza tuliwaambia waketi. Kosa hilo ni letu, na ndiyo sababu tumekuja kuwaomba shilingi zenu kwa ajili ya vijana hawa.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba kura ipigwe leo. Ikikubaliwa, safari itakuwa likizo ya Agosti, siku nne. Majina yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Hata ambaye hana fedha aweza kusaidia: twahitaji turubai mbili, sufuria kubwa moja, na viatu vya kuazima, namba 38 mpaka 43, vipimwe kabla ya safari.