Babu, kitabu cha akiba na mlango uliofungwa
(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana, Songwa)

Nguvu ya Umma!

Leo sitaanza na katiba. Naanza na babu yangu, mkulima wa pamba. Alikuwa na kitabu cha akiba, anakifunga kwenye mfuko wa nailoni, anakiweka chini ya godoro. Siku moja amepanda baiskeli hadi mjini, kafika, anakuta mlango una kufuli na karatasi imebandikwa: nendeni tawi lingine. Hakuna aliyemwambia mapema. Benki yenyewe siitaji, maana hoja yangu ni kubwa kuliko benki moja.

Twende kwenye historia. Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, serikali ikataifisha mabenki na ikazaliwa NBC. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa benki ya karibu kila mtu. Hapa kwetu, dhahabu nyeupe, yaani pamba, ilipita humo: mikopo ya vyama vya ushirika, malipo ya mkulima, vyote.

Sasa sikilizeni vizuri. NBC ilizama kwa madeni yasiyolipwa. Nani alikopa? Mashirika ya umma na vyama vikuu vya ushirika, mengi kwa maelekezo ya wakubwa. Babu hakukopa hata senti! Lakini dawa ilipokuja, miaka ya 90, matawi yaliyoonekana hayalipi yakafungwa. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, ikazaliwa NMB. Mwaka 2000 hisa nyingi za NBC zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini, na 2005 asilimia 49 ya NMB ikaenda kwa wawekezaji wakiongozwa na Rabobank. Aliyekula hakuosha vyombo. Aliyeosha ni mkulima.

Mtasema hayo ya zamani. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja, ikiwemo Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, majirani zetu wa Kanda ya Ziwa. Mtaji haukutosha. Mwenye akiba alikuwa na uhakika wa shilingi milioni 1.5 tu, kilichozidi, asubiri mfilisi auze mali. Tuseme ukweli, sasa kinga imepanda hadi milioni 7.5. Hilo ni jema. Lakini ni wangapi hapa mlikuwa mnalijua? Nyoosheni mikono... Mnaona.

Kuna atakayesema tuna wakala na simu, tawi la nini? Wakala anasaidia, simkatai. Ila mwaka 2021 tozo ya miamala ilipoanza mwezi Julai, ilimfuata mama muuza mboga hadi kwenye simu yake. Na wakala hatoi mkopo wa pembejeo, wala ukilalamika hana meneja nyuma yake.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Tawi likifungwa, wananchi waambiwe miezi kabla, kwenye mkutano wa kijiji, siyo kwa karatasi mlangoni. Madeni makubwa yaliyoangusha benki yatajwe hadharani. Na kinga ya akiba ifundishwe kwa lugha ya wakulima, mpaka gulioni.

Mgombea akija kuomba kura, muulizeni hayo kabla hajapewa maji ya kunywa.

Babu alikufa na kile kitabu chini ya godoro. Mimi sitaki kurithi kitabu. Nataka jibu.

Nguvu ya Umma!