Figo Haichangwi kwa Harambee

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika maadhimisho ya Siku ya Figo Duniani, Kitale

  

Kazi yangu ni kushika maikrofoni ili niwakaribishe wengine. Leo nimeombwa nizungumze mwenyewe, na nitaanzia nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mkulima wa mahindi upande wa Kimilili. Shinikizo la damu liliharibu figo zake. Kwa miaka mitatu alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Pigeni hesabu: ni safari 104 kwa mwaka. Familia ilifanya kikao. Tukachanga, tukauza ndama, kikundi cha WhatsApp kikajaa ahadi. Kisha binti yake akatusomea swali la daktari: nani yuko tayari kupimwa?

Tulikuwa watu wazima 11 sebuleni. Kila mmoja aliangalia viatu vyake. Mimi pia, ninayeandika matangazo ya afya. Nilipopata ujasiri, mzee alikuwa amedhoofika mno, hawezi tena kufanyiwa upasuaji. Tulimzika Agosti.

Kimya kile nakijua, ndugu zangu, na kiko katika nyumba nyingi za Trans Nzoia na Bungoma. Harambee hulipa bili. Figo haichangwi kwa harambee. Hapa Kenya wagonjwa wanaopandikizwa figo huipata karibu wote kutoka kwa mtu aliye hai, mara nyingi jamaa. Jamaa akinyamaza, mgonjwa hubaki kwenye mashine. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko Eldoret, kama kilomita 70 kutoka hapa, na upandikizaji unafanyika huko. Kwa hivyo umbali si kisingizio.

Tuzitaje hofu zetu waziwazi.

Ya kwanza: nikitoa figo moja, je, nitaishi? Mtu mwenye afya huishi kwa figo moja. Ile iliyobaki hukua kidogo na kubeba kazi ya mwenzake. Ndiyo maana vipimo ni vingi: kundi la damu, ulinganifu wa tishu, sukari, shinikizo, moyo. Upasuaji wowote una hatari zake, na utakaa wiki kadhaa bila kushika jembe. Daktari lazima akueleze yote hayo, na unaweza kubadili nia hadi dakika ya mwisho.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu ulifanyika Boston, Marekani, mwaka 1954, kati ya ndugu wawili mapacha wa kufanana. Wangezaliwa kwa Wabukusu, tungewaita Mukhwana na Mulongo. Siku hizi dawa huuwezesha mwili kupokea figo ya mtu asiye pacha, ingawa mgonjwa atazimeza maisha yake yote. Wahenga walisema udugu si kufanana, ni kufaana.

Hofu ya pili ni biashara. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya kibinafsi Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi, kufuatia madai kwamba vijana walikuwa wakiuza figo. Vijana, nisikilizeni: kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya 2017, kuuza kiungo cha binadamu ni kosa la jinai. Mtu akikuahidi pesa za pikipiki kwa figo yako, piga ripoti kwa chifu au polisi. Pikipiki itachakaa, na figo hairudi.

Hofu ya tatu ni ya wazee: kwamba mtu azikwe akiwa mzima. Naiheshimu. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inamruhusu mtu kuagiza kwamba viungo vyake visaidie wengine akishafariki, kwa wosia, kwa maandishi au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Asipoacha neno, uamuzi unawaangukia jamaa wakiwa katika machozi. Afadhali tuongee tukiwa hai, kando ya moto, kuliko kubishana nje ya mochari.

Ninaomba mambo matatu. Pimeni shinikizo na sukari, kwa sababu hizo mbili huharibu figo nyingi kimyakimya. Ikiwa kuna mgonjwa nyumbani, ulizeni mapema kuhusu upandikizaji, kabla nguvu hazijamwishia. Na kikao kijacho cha familia kikifika kwenye swali lile la daktari, mtu mmoja ainue macho na kusema, "Nitaenda kupimwa."

Kupimwa si kutoa. Huenda usilingane. Lakini mgonjwa atakuwa amesikia sauti.