Imeandikwa wapi? Ulizo ambalo mtoto wa Kongo anapashwa kujifunza



Mumetuita tuseme juu ya jambo moja: katika dunia ya leo, mtoto anapashwa kujifunza nini mbele ya yote? Tunajua majibu yanayosemwaka. Wengine wanasema ordinatere. Wengine wanasema Kiingereza. Wengine wanasema kazi ya mikono: kushona, umeme, mekaniki. Hayo yote ni mazuri, hatuyakatai. Lakini mtoto anaweza kujua ordinatere na Kiingereza, na bado akaibiwa haki yake kila siku bila kujua kama ameibiwa.

Sisi tunaleta jibu lingine. Ni maneno mawili tu: imeandikwa wapi?

Tuanze na kitu ambacho sisi wote tunakijua. Uliza mtoto yeyote wa mtaa: artikle 15 inasema nini? Atacheka, atakujibu: "Jipange mwenyewe!" Alijifunza hiyo wapi? Si mu darasa. Aliisikia nyumbani, ku soko, ku bariye ya barabara. Alimuona mwalimu wake bila mshahara, alimuona polisi akiomba feza ya sukari, na kila mara mkubwa fulani akamwambia: ni artikle 15, mwanangu, ni vile inchi iko.

Sasa tufungue Katiba, ile ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 15 cha kweli hakimwambii mtu ajipange. Kinasema wenye mamlaka wanapashwa kukomesha matendo ya ubakaji yanayotumiwa kama silaha ya kuvuruga na kuvunja jamaa. Kinasema tena kwamba mwenye kubaka kwa kusudi la kuvunja jamaa na kuangamiza taifa zima, hiyo ni kosa juu ya ubinadamu, na sheria inaleta malipizi.

Wandugu, muangalie jambo hilo vizuri. Tuko na Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, kule Bukavu, aliyepewa Zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa sababu ya kutunza wamama waliobakwa na kusema wazi juu yao. Na kifungu chenye kuwalinda wamama hao kina namba ile ile ambayo tunaitumia kwa kucheka. Watoto wetu wanajua mzaha. Sheria hawaijui.

Twende ku kifungu cha 43. Kinasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika mashule ya serkali. Imeandikwa tangu 2006. Serkali ilianza kuitumikisha kwa mwaka wa masomo wa 2019. Hesabuni: ni miaka 13. Mtoto aliyezaliwa mwaka Katiba ilitoka alimaliza masomo ya msingi, ao alifukuzwa, mbele haki yake haijafika. Miaka ile yote wazazi waliendelea kulipa prime ya walimu, na asiyekuwa na feza, mtoto wake alirudishwa nyumbani. Wazazi hawakuwa wajinga. Walikuwa wanabeba mzigo wa serkali ku mabega yao, na wengi hawakuambiwa hata siku moja kama mzigo huo si wao.

Hapa tuseme wazi, mwalimu asituone kama adui. Mwalimu asiyelipwa ameibiwa sawa na mtoto. Mtoto mwenye kuuliza "hii feza imeandikwa wapi?" ndiye kesho atasimama pamoja na mwalimu wake kuuliza: mshahara wa mwalimu umeandikwa ku bajeti, umeenda wapi?

Katiba yenyewe, kwa kifungu cha 62, inasema hakuna mtu anayeweza kujitetea kwamba hakujua sheria. Sawa. Lakini kifungu cha 45 kinasema ni lazima ya serkali kufundisha Katiba na kuieneza. Na kifungu cha 142 kinasema sheria zinapashwa kutangazwa kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60. Ni nani kati yetu hapa aliyesomewa sheria mpya kwa Kiswahili ndani ya siku 60? Wanatuazibu kwa maneno ambayo hawakutuletea.

Kuna wale watasema: mambo ya sheria ni ya wakubwa, mtoto wa leo yuko ku telefone. Ndiyo, yuko ku telefone. Ndiyo maana ulizo hili ni la lazima zaidi. Audio inaingia mu WhatsApp usiku, sauti ya mtu asiyejulikana, mwishoni inasema "tuma kwa watu kumi". Asubui mtaa muzima uko na woga, ao kabila fulani linatafutwa.

Tumekwisha kulipa bei ya hiyo. Ebola ilitangazwa Nord-Kivu tarehe 1 Agosti 2018, ikafika mpaka Ituri, na haikuisha mpaka Juni 2020. Watu zaidi ya 2200 walikufa. Wakati ule habari zilizunguka kwamba ugonjwa ni wa kutengenezwa, kwamba ni biashara. Vituo vya matunzo vilishambuliwa kule Katwa na Butembo. Watu walikuwa na sababu ya kutoamini: walidanganywa mara nyingi na wakubwa. Lakini kukataa kila kitu si kuuliza. Kuuliza ni kazi: nani amesema, alikuwa wapi, nani mwingine aliona, imeandikwa wapi. Mtoto anayezoea kazi hiyo akiwa na miaka minane, hatatuma audio ile akiwa na miaka kumi na minane.

Na tusifichane: ulizo hili lina bei. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa OCC, ofisi yenye kuchunguza bizaa mpakani. Walimletea feza ili aache chakula kilichooza kiingie kwa soko. Alikataa. Walimuua mu mwezi wa saba 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri. Kifungu cha 28 kinasema hakuna mtu analazimishwa kutii amri ambayo wazi wazi ni kinyume cha sheria. Floribert aliishi kifungu hicho.

Hatumtumi mtoto yeyote akufe. Tunasema kinyume: Floribert alibaki peke yake kwa sababu wengi walikuwa wamefundishwa kunyamaza. Wakiwa mia wenye kuuliza, ni vigumu kumtafuta mmoja.

Basi tunaomba nini?

Kwenu wazazi: mtoto akiuliza "juu ya nini?", musimjibu kwa kofi. Tunasemaka "mtoto haulizake mkubwa", kisha tunashangaa akiwa mkubwa anainamia kila mwenye bunduki na kila mwenye feza. Muache ajizoeze kwenu ninyi, mwenye kumpenda, mbele ya kujizoeza kwa wengine.

Kwenu walimu: kifungu kimoja kila juma, kwa Kiswahili, dakika kumi. Kuanza na cha 15.

Kwenu waongozi wa mashule: mubandike ku ukuta feza zote zinazoombwa, na karatasi ya serkali yenye kuziruhusu pembeni. Kama hakuna karatasi, feza hiyo isiombwe.

Na sisi vijana: kuanza siku ya posho inayokuja, kila kundi la mtaa litakaa na watoto kusoma Katiba. Hatuhitaji feza ya mtu. Tunahitaji kitabu kimoja, kivuli cha mti na uvumilivu, kwa sababu watatuuliza sana. Watatuuliza hata sisi: muliahidi nini, mulifanya nini? Tutawajibu.