Wamama, Tutunze Kucha Zetu

Leo tutasema juu ya kucha za mikono yetu. Wengine watacheka: "Tumeleta watoto kwa mizani na chanjo, sasa munatufundisha juu ya kucha!" Ngojeni kidogo. Mkono wa mama ndio unalisha mtoto, unamwosha, unasafisha kitovu chake. Ukucha ukigonjwa, mtoto hayuko mbali na ugonjwa.

Mama mmoja alikuja kupimisha mtoto wake wa wiki mbili. Mkono mmoja aliuficha ndani ya kitenge. Tulipomwomba autoe, alisema kwa sauti ndogo: "Niko na haya. Niliweka kucha za bandia kwa ndoa ya mdogo wangu. Moja ilianza kulegea, nikaivuta na meno." Kidole kilikuwa kimevimba, na ukucha ulikuwa na rangi ya kijani. Juu yake alikuwa amepaka verni, ili watu wasione. Na kwa mkono ule ule alikuwa anamshika mtoto na kumpa titi.

Ukucha ni kitu gani?

Ukucha tunaouona hauna uhai, ni kama nywele. Ndiyo sababu tunaukata bila kusikia maumivu. Lakini mzizi wake ni hai, umejificha chini ya ngozi. Ukucha wa mkono unakua karibu milimeta 3 kwa mwezi. Ili ubadilike wote, inaomba karibu miezi 6. Ukucha wa mguu unaomba mwaka 1 ao zaidi.

Basi sikieni vizuri: hakuna dawa inayounganisha ukucha uliopasuka. Sehemu iliyoharibika haiponi. Inasukumwa mbele, tunaikata, na mpya inaifuata. Ni kama nywele zilizounguzwa na dawa ya kunyoosha: tunangoja zile zinazotoka mzizini.

Nini inaharibu kucha?

Kwanza, kusuguliwa. Mwenye kuweka kucha za bandia anasugua ukucha wako na tupa ao mashini, ili kitu kishike. Ukucha unabaki mwembamba kama karatasi. Pili, kuvuta. Unapovuta ukucha wa bandia, unatoka pamoja na ngozi ya juu ya ukucha wako. Tatu, maji. Yanaingia katikati ya kucha mbili, na vijidudu vinapata nyumba yenye unyevu. Nne, dawa zenyewe. Miili ya watu wengine inazikataa: vidole vinawasha, hata kope za macho zinavimba, kwa sababu mkono unagusa macho. Mtu wa namna hiyo asizitumie tena kamwe.

Namna ya kuzitoa

Usivute, wala usichokonoe na kisu. Zile za kubandika na gundi tu, loweka vidole ndani ya maji ya vuguvugu yenye sabuni, mpaka zilegee. Zile ngumu zaidi zinaomba asetoni. Paka vaselini kwa ngozi ya kandokando, weka pamba yenye asetoni juu ya ukucha, ngoja dakika 15 ao 20, kisha sukuma polepole. Zikikataa, rudia. Zikikataa tena, zikate fupi na kuziacha zikue mpaka ziishe.

Angalisho! Asetoni inashika moto upesi sana. Usiitumie karibu na mbabula, taa ya petroli ao mshumaa. Fungua dirisha na mlango. Na usiitie kamwe ndani ya chupa ya maji ao ya limonade: mtoto ataona chupa, atakunywa.

Namna ya kuzirudisha

1. Kata kucha fupi. Ukucha mfupi haushikwi na nguo, haupasuki, na uchafu haukai chini yake.
2. Asubuhi, jioni, na kila mara ukimaliza kunawa, kausha vidole vizuri, kisha paka vaselini ao mafuta ya karanga kwa ukucha na ngozi ya mzizi.
3. Ukifua nguo ao kuosha vyombo, vaa mifuko ya mpira kama unayo. Kama huna, usikae na mikono ndani ya maji saa nyingi, pumzika, kausha.
4. Usikate ile ngozi ndogo ya mzizi. Ni mlango, ukiuvunja, vijidudu vinaingia.
5. Usiweke kucha zingine za bandia ili kufunika ubaya. Ngoja ile miezi 6.
6. Kula vizuri: maharagi, ndagala, mayai, sombe. Mama mwenye mimba asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kwa kiliniki. Chakula hakibadilishi ukucha kwa siku tatu, lakini mwili wenye damu ya kutosha unakuza ukucha wenye nguvu.

Kuja upesi kwa munganga

Kama kidole kinavimba na kugonga kama moyo. Kama kuna usaha. Kama ukucha ni wa kijani ao unaachana na nyama. Kama mstari mweusi umetokea kwa ukucha mmoja na unaendelea kupanuka. Usifunike na verni. Kile kinachofunikwa hakitibiwi.

Tusidharau neno hili. Katika miaka 1997 na 1998, kwa hospitali moja ya Oklahoma, Marekani, kijidudu kinachoitwa Pseudomonas kilishika watoto wachanga wengi, na 16 kati yao walikufa. Wachunguzi waliona kwamba kucha ndefu za wauguzi wawili, mmoja wao akiwa na za bandia, labda zilisaidia kukieneza. Kijidudu hicho ndicho mara nyingi kinaleta ile rangi ya kijani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilishauri kwamba wenye kugusa wagonjwa wasivae kucha za bandia. Nasi tulio na mtoto mchanga nyumbani, tufanye vilevile.

Yule mama tulimkatia ukucha uliolegea, tukampa dawa, tukamfundisha kunawa na kukausha. Wiki za kwanza alilia: "Mikono yangu imekuwa mibaya." Tulimwambia: ngoja. Alipomleta mtoto kwa chanjo ya surua, akiwa na miezi 9, hakuficha mkono tena. Kucha zake zilikuwa fupi, safi, nzima. Na mtoto alikuwa mnene.

Mama, uzuri wa mkono wako ni mtoto anayeshiba kwa mkono huo bila kugonjwa. Leo ukirudi nyumbani, angalia vidole vyako kumi, kisha vya watoto wako. Kama kuna kibaya, usione haya. Kuja, tukiangalie pamoja.