Kodi na Nauli Hutoka Mfuko Mmoja

Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa karakana mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Eneo la Viwanda, Nairobi



Nimeombwa niseme habari za kutafuta nyumba. Wako wanaosema kwamba jambo hili si la Chama. Chama, wasema, husemezana na matajiri juu ya mishahara na saa za kazi, na nyumba ni shauri la mtu na mwenye ploti wake. Nimesimama hapa kulikataa neno hilo. Mtu akiamka saa kumi ya usiku ili apate kuingia kazini saa moja ya asubuhi, hizo saa tatu ni za nani? Hatulipwi, wala hatulali.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, mpate kucheka kidogo. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikikaa Mukuru, chumba kimoja, Shs. 6,000/- kwa mwezi, na kazini nikienda kwa miguu. Nikasikia kwamba mbele ya Ruiru kuna vyumba vizuri vya mawe, maji ndani ya ua, Shs. 3,500/- tu. Nikamwambia mama watoto, tumepata faida ya Shs. 2,500/- kila mwezi, karo imepatikana. Dalali akanichukua Jumapili mchana. Barabara ilikuwa tupu, matatu haikujaa, tukafika upesi hata nikashangaa kwa nini watu hulalamika. Nikatoa kodi ya mwezi, na dipoziti ya mwezi mwingine, na pesa za dalali juu yake.

Jumatatu macho yakafunguka. Nauli ya asubuhi ilikuwa Shs. 100/-, na jioni Shs. 100/- nyingine. Tena gari lilinifikisha mjini tu. Kutoka hapo mpaka kiwandani nilitembea, kwa maana gari la pili sikuliweza. Sasa hesabuni pamoja nami. Shs. 200/- kwa siku, siku 26 za kazi, ni Shs. 5,200/-. Tieni kodi, Shs. 3,500/-. Jumla Shs. 8,700/-. Faida yangu ya Shs. 2,500/- ilikuwa imegeuka hasara ya Shs. 2,700/-, na sijahesabu siku za mvua. Ninyi mwajua mambo ya Nairobi: tone la kwanza likianguka, nauli hupanda kabla hujafungua mwavuli. Katika miezi minne nilipewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Nilipohama, mwenye nyumba alikataa kunirudishia dipoziti, akasema ni ya rangi. Rangi gani sikuiona.

Basi yale niliyojifunza kwa pesa zangu nawapa ninyi bure. Usiende kutazama nyumba Jumapili. Nenda siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa ukiondoka, usimame kwenye steji na kuhesabu magari. Tazama kama yanakuja na nafasi, ama yanapita yamejaa. Mtu akaaye mwanzo wa njia hupata kiti. Akaaye katikati ya njia huona magari yakimpita moja baada ya moja, ingawa yeye yu karibu na mji zaidi. Hili dalali hatakwambia. Ulizia kama gari hufika mahali pako pa kazi, ama ni lazima uingie katikati ya mji kwanza, kwa kuwa matatu nyingi zetu huenda mjini, na kazi zetu haziko mjini. Ukipanda magari mawili, nauli ni mbili. Maji na stima ulizia wapangaji, si mwenye ploti. Wapangaji watakwambia maji hufunguliwa siku gani.

Halafu tembea kutoka steji mpaka mlangoni, usiku, kwa miguu yako. Dada mmoja wa zamu ya usiku, anayeshona nguo katika kiwanda cha jirani, alipanga chumba kilichosemwa kuwa ni "hapo tu" kutoka barabarani. Hapo tu ilikuwa njia ya giza kando ya mtaro, karibu kilomita moja. Mwezi wa pili akanyang'anywa simu, na mshahara wake wote, na viatu. Alikuja kazini siku ya pili na ndara za kuazima. Sasa amehamia karibu na barabara, na hulipa Shs. 1,500/- zaidi kila mwezi. Mtu asimwambie kwamba hajui kuweka akiba.

Wengine mtauliza habari za gari la moshi. Naam, lafaa kutazamwa. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na tangu hapo magari ya abiria ya Nairobi yameongezwa. Magari ya Syokimau, ya Embakasi Village na ya Ruiru yote hupita Makadara, na gari la Syokimau husimama Imara Daima pia. Stesheni hizo mbili si mbali na viwanda vyetu. Gari la moshi halikwami katika msongamano, wala halipandishi nauli kwa sababu ya mawingu. Lakini lina saa zake, machache asubuhi na machache jioni, na mtu wa zamu ya usiku halimngojei. Anayeingia asubuhi na kutoka jioni atafute chumba atakachoweza kutoka mpaka stesheni kwa miguu. Ila ajue kwamba wenye ploti nao huiona stesheni, na huiandika katika kodi.

Ndugu zangu, shida hii haikuanza jana. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 mji ukazaliwa kando yake, na Reli ikawajengea wafanya kazi wake nyumba Muthurwa, na baadaye Makongeni. Vyumba vilikuwa vidogo mno, na sheria za kukaa humo zilikuwa kali. Lakini mtu aliisikia king'ora cha kazi kutoka kitandani mwake. Wakati ule mshahara ulikatwa kama kwamba Mwafrika hana mke wala watoto mjini. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilisema kwamba mshahara lazima umtoshe mtu na jamaa yake. Jina la matatu lenyewe, wazee husema, latokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Leo senti thelathini hupewi hata peremende.

Na sasa nakuja kwenye neno lililonileta. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema kwamba mwenye kazi ampe mfanya kazi nyumba ifaayo mahali pa kazi au karibu napo. Kama hampi, amlipe, zaidi ya mshahara, pesa za kutosha kupanga nyumba ifaayo. Sikieni maneno yale: karibu napo, na za kutosha. Lakini ufa upo. Mkataba ukisema kwamba pesa za nyumba zimo tayari ndani ya mshahara, tajiri hulipa kwa mkono mmoja. Someni makaratasi yenu kabla ya kutia sahihi. Na pale zinapolipwa peke yake, kipimo kilichozoewa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye Shs. 20,000/- hupata Shs. 3,000/-. Nionyesheni chumba cha Shs. 3,000/- ambacho mtu atatoka aje hapa kwa miguu, nami nitahamia leo jioni. Na juu ya hayo, tangu Sheria ya Nyumba ya mwaka 2024, kila mmoja wetu hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote. Tunalipia nyumba mara mbili, na bado tunaamka saa kumi.

Kwa hiyo wajumbe wa karakana wamekubaliana kwamba katika mazungumzo yajayo tuombe mambo mawili. La kwanza, pesa za nyumba zipimwe kwa kodi ya mitaa iliyo karibu na kiwanda, si kwa asilimia. La pili, zamu ya usiku iletwe na kurudishwa kwa gari la kampuni, mpaka mahali penye taa. Tajiri atatuuliza hesabu, nasi tukienda na malalamiko matupu atatushinda.

Makaratasi yako mezani kwa Ndugu Katibu. Kila mtu aandike mtaa anaokaa, kodi, nauli ya kwenda na ya kurudi, magari mangapi, na saa anayotoka mlangoni. Jina si lazima. Asiyejua kuandika nitamwandikia mimi, nitakuwa hapa mpaka saa kumi na mbili. Baada ya hapo nitaondoka kwa miguu. Nimerudi Mukuru.